Kiti cha Alexis

Haya yalimpata rafiki yangu Stanislas, hapa Likasi, wakati wa Zaire. Katika mashindano ya magari, marehemu ndugu yangu Alexis alikuwa akikaa kando yake, mpaka ajali ya barabara ya Kambove ilipomchukua. Mungu amrehemu.

Stanislas akaifufua ile Alfa, gari yao ya mashindano iliyopondeka katika ajali hiyo. Ili iwe nyepesi na ishinde, aling'oa kiti cha Alexis.

Mjane, Marceline, akamfuata gereji.

“Weye shetani! Bwana yangu alikuwa muzito, eh? Sasa atakaa wapi?”

“Mufu hapandake motokari, mama. Rudia kwako.”

Jioni akaijaribu peke yake, madirisha yamefungwa kwa baridi. Giza likaingia. Alipozima injini, akasikia pumzi. Kwenye mlango wa pili, kimo cha mtu aliyekaa sakafuni, ukungu ulitanda kiooni, ukapungua, ukatanda tena.