Nilimfuta Mama kwa Amri Moja

Nina miaka thelathini na mmoja, sina mume, naishi Kigali na dada yangu mkubwa, Goreti. Tulilelewa Tanzania kabla ya kurudi Rwanda, ndiyo maana nawaandikia kwa Kiswahili. Msidhani naandika kwa utulivu, ndugu zangu!

Nilikuwa mshonaji kiwandani kule Masoro. Mwaka jana niliacha cherehani ili nijifunze kuandika programu za kompyuta. Mama alichukia. Aliniuliza kama nimerogwa, niache kazi inayonilisha nikakodolee macho kioo. Nami nina mdomo, sitawaficha. Nilimjibu kwamba anataka niinamie nguo za watu mpaka mgongo upinde kama wake.

Maneno gani hayo ya kumwambia mzazi?

Tangu siku hiyo hatukusemezana. Alipolazwa hospitali, dada alinisihi niende kumwona. Nikasema nitakwenda wiki ijayo. Jeuri tu! Nilipofika Mama hakuweza tena kusema. Alinitazama... kesho yake akatutoka.

Lakini kumbe aliacha maneno. Siku chache kabla, alimwomba dada aegemeze simu kwenye chupa ya chai, aiwashe irekodi, kisha atoke chumbani. Akasema na kila mtoto peke yake: dada, kaka yetu Deo, na mimi. Video tatu. Aliagiza zisifunguliwe mpaka siku ya kumaliza ikiriyo, yaani kilio, ukoo wote ukiwa umekaa. Simu ya dada ilikuwa imejaa, akazihamishia kwenye laptop yangu na kuzifuta kule.

"Mdogo wangu, Mama yuko humo," aliniambia. "Usimfungue kabla ya siku."

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Jumatatu nilikuwa na mtihani wa kuingia chuo cha kompyuta. Kila mtu aje na mashine yenye kompaila, ile programu inayogeuza unachokiandika kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukitekeleza. Kwetu siku za ikiriyo hakuna kazi, hata jembe halishikwi. Mimi Alhamisi mchana nilijifungia chumbani, waombolezaji wakiimba uani. Sikio la kufa halisikii dawa!

Laptop ilikuwa na Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, aliouweka fundi mmoja wa mtaa wa Gikondo. Sikujua lolote. Kwenye intaneti nikaokota maelekezo marefu ya mabingwa: upakue kompaila ikiwa ghafi, uijenge mwenyewe kuanzia mwanzo. Nikafuata tu, kama kondoo. Baada ya saa tatu mashine ikagoma, ikasema diski imejaa.

Nikauliza kwenye kundi letu la WhatsApp, la wanaojifunza programu. Mmoja akanijibu nitafute faili kubwa nizifute. Nikakuta tatu, majina yake namba tupu. Tatu! Kwa nini moyo haukushtuka? Nilitafuta neno "Mama", sikuliona, nikasema basi dada kaziweka video mahali pengine. Ningefungua moja tu ningeuona uso wake! Lakini shangazi alikuwa ananiita nikawapokee wageni, nami nilikuwa na pupa... nikaandika amri ya kufuta. Ukifuta kwa amri hakuna pipa la taka la kwenda kuokota. Haikuniuliza hata kama nina hakika.

Jumamosi ukoo ulikaa. Dada akaweka laptop juu ya meza, akafungua. Akatafuta. Akatafuta tena. Deo akasimama nyuma yake. Shangazi, aliyekwisha kushika kitambaa cha machozi, akauliza mbona Mama hasemi.

"Nani ameigusa?" dada akauliza.

Nikasema sijui. Labda mashine imeharibika.

Niliyasema hayo mbele ya picha ya Mama, wasomaji wangu! Dada akaanza kumlaani fundi wa Gikondo, nami nikamwacha amlaani.

Jumatatu mtihani. Nilimwambia msimamizi jinsi nilivyohangaika kuijenga kompaila. Akaandika neno moja kwenye laptop yangu, akacheka. Akanionyesha kwamba kompaila nyingine ilikuwemo tangu siku ya kwanza, fundi yule yule aliiweka. Sikuhitaji kupakua kitu. Sikuhitaji kufuta kitu! Nilifaulu mtihani huo. Nikaenda chooni nikalia mpaka sauti ikakauka.

Mama alinisamehe? Au aliondoka na donge lake moyoni? Hakuna anayejua. Dada alikuwa nje ya mlango. Deo hakuwepo. Aliyejua tumemzika.

Ndugu zangu, ukiwa mgeni wa jambo, uliza kwanza ulicho nacho kabla ya kutafuta usichonacho. Usifute usichokijua. Na kama umegombana na mama yako, acha kusoma hapa ulipofika, inuka, nenda leo. Wiki ijayo si yako.

Msinipe pole, sistahili. Mpeni dada. Kila Jumamosi huibeba laptop ile kwenye mkoba wa Mama, akazunguka nayo kwa mafundi wa Gikondo, na kila mmoja humwambia hakuna kitu. Hunishika mkono tukirudi, akaniambia nisikate tamaa, video yangu itapatikana kwanza.

Juzi amesikia kuna fundi mwingine. Ameniuliza kama nitamsindikiza... nimesema ndiyo.