Uso Chini ya Chokaa

Harufu ya rangi mbichi ilianza asubuhi, katika studio ambayo haikuwa na hata kopo moja la rangi. Mpiga picha alifungua dirisha, akaendelea na kazi.

Baadaye fundi cherehani alirudi na picha yake, akifikicha macho yaliyoanza kufifia.

"Kaka, huyu ni mimi au ni yai?"

Pua ilikuwepo, mdomo ulikuwepo. Pale pa macho palikuwa na ngozi tupu.

Mpiga picha alisingizia karatasi mbovu. Ili aijaribu kamera, akampiga picha binti yake mdogo. Nayo ilitoka haina macho. Jua lilikuwa limejaa chumbani, lakini mtoto aliuliza kwa upole, "Baba, mbona umezima taa?"

Mkewe alimvuta pembeni. "Umefanya nini, mume wangu?" alinong'ona.

Mumewe akaonyesha turubai jeupe ambalo wateja hukaa mbele yake. Chini ya chokaa kulikuwa na picha iliyochorwa na mjomba wake, mchoraji aliyemlea na kumfundisha kazi. Mjomba huchora macho mwisho, mteja akiwa amekaa mbele yake. Mama mmoja alipokuja kumaliziwa picha yake, mpwa, yaani yeye mpiga picha, alimzuia mlangoni: "Mzee haoni tena. Njoo kwangu, mara moja tu umemaliza." Ulikuwa uongo. Picha hiyo isiyo na macho ilipotupwa, aliiokota akaipaka chokaa.

"Kamwite mjomba," mkewe alisema.

"Nitamtazamaje?"

"Mwanao haoni kitu."

Mzee alikuja na brashi zake. Alifuta chokaa polepole, mpaka uso usio na macho ukajitokeza.

"Jini huvaa uso uliotelekezwa," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa anaiba macho. Kaa hapo, mpwa wangu, nimchoree ya kwako. Nitazame."

Akakaa, na kila alipoinamisha macho kwa aibu turubai lilituna kama kifua kinachovuta pumzi, kucha zikakwaruza kutoka upande wa ndani, mtoto akalia chumba cha pili, naye akalazimika kuuinua tena uso wake kumtazama mzee ambaye hakumkaripia wala kumuuliza neno, alichovya tu brashi na kumwangalia kwa upole uleule wa zamani, upole ambao ulimtisha kuliko zile kucha.

Macho yalipokamilika, harufu ikakatika. Mtoto akaja mbio, akikwepa viti, akasimama mbele ya picha.

"Babu, mbona anaangalia chini?"

Mzee alisuuza brashi yake.

"Nimechora nilichokiona, mjukuu wangu."