Ndege ya Mwalimu Anatory

Ndege ya mwalimu Anatory ilianguka Jumapili saa tano na nusu asubuhi, mbele ya wageni walioalikwa kuitazama, katika kibanja cha mzee Byarugaba huko Nyakasimbi. Ilipaa vizuri, kisha ikainua pua kupita kiasi, ikasita hewani kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, ikaporomoka. Byarugaba alikuwa kati ya mibuni yake akiitazama. Pangaboi likamchukua jicho la kulia.

Haikuwa ndege ya kubeba mtu. Injini, redio ya kuiongozea na vijimota vya kugeuzia mkia vilikuwa vya ndege ya kuchezea, mitumba mitupu, alivyoachiwa na fundi Mjerumani aliyerudi kwao. Mbavu za mabawa alizichonga kwa mafunjo, akazivika kitambaa cha miavuli mibovu. Alitaka ibebe chupa za damu za wagonjwa kutoka Chonyonyo hadi maabara, isihangaike na barabara. Watu walimcheka mpaka siku iliporuka. Tangu hapo kila mmoja akawa ndiye aliyemsaidia kuitengeneza.

Kemilembe, mama yake Anatory na dada wa Byarugaba tumbo moja, alimfunga kaka yake jicho kwa kanga. Kisha akasimama mbele ya watu wote.

"Mikono iliyoiharibu ndege hii ikauke," alisema. Watu wakaitikia amina.

Sajini Jovitha wa upelelezi alifika kutoka Kayanga saa nane mchana. Alianza na mwalimu.

"Asubuhi niliipima," alisema Anatory. "Naweka kidole kimoja chini ya kila bawa, naiinua. Ikilala sawa, pua na mkia, inaruka. Ikielemea mkia, itainua pua na kuanguka. Ililala sawa."

"Baada ya hapo?"

"Nikaiacha sebuleni kwa mama, nikaenda ibadani. Tulipotoka, kibarua wangu Sibomana akaibeba mpaka uwanjani."

"Ilipoanguka, nani alifika wa kwanza?"

"Mimi." Alijibu huku akitazama viatu vyake.

Jovitha aliingia kwenye mibuni. Ulikuwa mwezi wa tatu, matunda bado mabichi. Alipekua mabaki taratibu, injini, redio, mkia uliopasuka. Ndani ya mkia kulikuwa na punje chache kavu za kahawa. Akatia moja mdomoni kwa mazoea, akaitafuna, akaendelea na kazi. Kuona kahawa Karagwe ni kama kuona vumbi.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa Projest, aliyekuwa akipeleka damu hiyo kwa baiskeli, na aliyewahi kusema kilabuni kwamba ndege ile itamnyang'anya ugali. Lakini Projest alikuwa amemshikia mchungaji mwavuli tangu asubuhi, na wageni wote walimwona. Akabaki Sibomana.

Sibomana alikuwa mzaliwa wa Kaisho, wa wazazi waliotoka Rwanda zamani. Jumamosi iliyotangulia Anatory alikuwa amemgombeza hadharani kwa kutoboa bawa kwa kidole.

"Uliigusa ndege?" Jovitha alimwuliza.

"Niliibeba, afande. Mtu anabebaje kitu bila kukigusa?"

"Unanijibu kwa kiburi."

"Nakujibu kwa woga."

Jovitha akamtia pingu. Ilikuwa mwaka 1996, Karagwe imejaa wakimbizi, na jina la Kinyarwanda la Sibomana peke yake lilikuwa nusu ya ushahidi. Akipatikana na hatia angevushwa mpaka pamoja nao, kwenda nchi asiyowahi kuiona. Jovitha alilijua hilo wakati anafunga pingu. Alijua pia kwamba mshukiwa angekuwa Mnyambo, wa kabila lake, angemwuliza maswali mengine mawili matatu kwanza.

Kila asubuhi Mukantabana, mke wa Sibomana, alileta uji kituoni. Alisema, "Shikamoo, afande," akaketi chini mlangoni. Jovitha akaanza kuingilia mlango wa nyuma.

Alhamisi alikwenda kwa Kemilembe kuchukua maelezo. Anatory alikuwepo, ameketi pembeni, hajanyoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, waitu, mtu wetu. Tafuna kidogo kwanza." Akamsogezea kijikapu cha akamwani, kahawa iliyochemshwa na majani yake ya harufu, ikakaushwa.

Jovitha akatafuna moja. Akaacha kutafuna. Ladha hii alikutana nayo Jumapili.

"Mama, hii huwa unampa nani?"

"Kila anayetoka hapa kwenda safari. Mtu wangu haondoki mikono mitupu."

"Na ndege je?"

Uso wa mama ukachangamka. "Nayo niliifungia yake kwenye ganda la mgomba, konzi nzima. Si ilikuwa inakwenda kwa wageni? Nikaisukumiza kule nyuma kabisa, mkiani, pasipo na mashine, nisije nikaharibu kitu."

Jovitha akamgeukia Anatory.

"Punje nilizikuta, mwalimu. Mbuni wa mwezi wa tatu hautoi kahawa iliyopikwa, na mimi nikaitafuna kama mpumbavu. Ila ganda lililozifunga sikulikuta. Na wewe ndiye uliyefika wa kwanza."

Anatory akatia mkono mfukoni mwa koti lake la Jumapili, akatoa ganda kavu la mgomba lililokunjwakunjwa.

"Niliinua mkia nikaelewa," alisema. "Nikalificha, nikasema nitamweleza mama taratibu. Nikageuka, namkuta amesimama anaapiza, watu wanaitikia amina. Ningemwambiaje? Kwamba jicho la mjomba ni yeye, na laana ni yake? Uliponiuliza, nilikwambia kweli ndege ilikuwa wapi. Ulipomkamata Sibomana, nilisema nitakuja Jumatatu. Jumatatu ikapita. Nililala, afande. Hilo ndilo linaloniumiza. Nililala usingizi, na mwenzangu yuko sakafuni."

Kemilembe alikuwa ametandaza viganja vyake mapajani, anavitazama.

"Mama hana kosa," alisema Jovitha. "Wewe umeficha kielelezo, ukaacha asiye na hatia afungwe. Kosa hilo utalijibu mahakamani. Na mimi nina la kwangu." Akainuka. "Twende."

Kemilembe alikataa kubaki. Alikwenda nao hadi Kayanga, kijikapu mkononi.

Jovitha mwenyewe ndiye aliyefungua mahabusu. "Nisamehe," alisema, mbele ya askari wake. Sibomana akaitikia kwa kichwa, akamsikiliza Kemilembe akieleza yote mwenyewe, bila kupunguza kitu, hata ile laana. Alipomaliza, mama akanyoosha kiganja chenye punje moja.

Sibomana akamtazama mkewe, aliyekuwa bado ameketi mlangoni, kisha akakitazama kiganja kile.

"Mbona hakijakauka, mama," alisema. Akaichukua punje, akaipasua kwa meno, nusu akampa Mukantabana.

Anatory naye akanyoosha mkono. Sibomana akampita, akaenda kuchukua bakuli la uji la mkewe, wakatoka.