Alichokiona Bwana Mifupa

Duka la taa lilijaa watu mpaka mlangoni, kila mmoja akipaza sauti ili muuzaji amsikie yeye kwanza. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamke mwenye gauni la bluu lililotapakaa madoa ya rangi na kilemba cha manjano. Mkononi alishika karatasi aliyoipaka rangi nyekundu. Kila balbu iliyowashwa, aliiweka karatasi chini yake, akatazama, akatikisa kichwa.

"Hii inaigeuza nyekundu yangu kuwa kahawia. Washa ile."

"Dada," sauti ikasema nyuma yake, "unanunua taa au unachagua mchumba?"

Watu wakaangua kicheko. Mwanamke akageuka, jibu kali liko ulimini, akamkuta kijana mrefu mwenye sweta la kijivu juu ya sare ya hospitali. Macho yake yalikuwa na uchovu, lakini yalicheka.

"Mchumba mbaya nitamwacha, kaka. Taa mbaya itaniharibia kazi."

"Basi chagua taratibu. Mimi nimeshindwa yote mawili."

Walitoka dukani pamoja. Kijana alimweleza kwamba yeye hupiga picha za eksirei hospitalini, na kutwa nzima hukaa kwenye chumba chenye giza akitazama mifupa ya watu wasiomjua hata kwa jina.

"Kumbe wewe ni Bwana Mifupa!"

"Na wewe, mchoraji, ni Rangi. Nipe namba, Rangi, kabla msongamano wa njiani haujatutenganisha."

Tangu siku hiyo simu zikawa haziishi.

"Rangi wangu, unafanya nini?"

"Napaka kivuli."

"Na mimi nimo humo?"

"Wewe ndiye kivuli chenyewe. Unasikika, huonekani."

"Nitaonekana Jumapili, laazizi. Mwambie Mama aongeze sahani."

Rangi aliishi na mama yake katika vyumba viwili juu ya duka la mshonaji. Mchana alichora mabango ya watu, jioni akachora picha zake mwenyewe. Rafiki zake walishaolewa, wakahama, wakabaki kumtumia salamu za sikukuu. Mama alikuwa mtu wa sala. Aliamka kabla hakujapambazuka akasali gizani, na jambo hilo lilimshangaza sana Bwana Mifupa alipolisikia mezani.

"Mbona huwashi taa, Mama?"

"Ya nini, mwanangu? Ninayezungumza naye ananiona."

"Hata mwanga wangu wa kazini hauonekani," kijana akasema. "Unapita ndani ya mtu kimya kimya, unarudi na habari za mifupa yake."

"Nyie wawili mnanionea," Rangi akadakia. "Mimi mwanga mtupu hauninufaishi. Bila kivuli nina karatasi nyeupe tu."

"Basi kila mtu na taa yake," Mama akasema. "Kuleni, chakula kinapoa."

Walicheka mpaka mshonaji wa chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio.

Miezi ikapita, kisha Bwana Mifupa akabadilika. Simu zake zikawa fupi. Akija nyumbani, alimtazama Mama mara moja, akainamisha macho, akaaga mapema. Rangi akavumilia, lakini uvumilivu nao una ukuta wake. Jioni moja alimfuata mpaka kwenye ngazi.

"Kama umenichoka, sema. Mimi si mtoto."

"Nikikuchoka wewe, nitakuwa nimechoka kuishi."

"Maneno matamu hayo. Mbona unayasema ukitazama viatu?"

Kijana akashuka ngazi. Rangi akarudi ndani akasema kichwa kinamuuma. Mama alimtazama kwa muda mrefu.

Haikuchukua muda, Mama akaanguka jikoni. Katika hospitali alikofanya kazi Bwana Mifupa, daktari, mwanamke wa maneno machache, alimkalisha Rangi kwenye kiti.

"Mama yako hakukwambia? Alipigwa picha hapa hapa, zamani kidogo. Ugonjwa ulikuwa umeshaenea mapafuni. Matibabu makali aliyakataa mwenyewe."

Rangi alitoka hadi kwenye korido. Alimpigia simu Bwana Mifupa.

"Uliipiga wewe?"

"Nini, mpenzi?"

"Usinifanye mjinga. Picha ya mama yangu."

"Niliipiga mimi."

"Ukaja mezani kwetu, ukala, ukijua!"

"Aliniapisha, Rangi. Na hata asingeniapisha, siri ya mgonjwa si yangu kuitoa."

"Na mimi ni nani wako?"

Hakungoja jibu. Akakata simu.

Mama alirudishwa nyumbani, akalala karibu na dirisha. Sauti yake ilikuwa imebaki nusu, lakini akili ilikuwa ile ile.

"Usimlaumu kijana wa watu. Nilimwapisha hata sijamaliza kuvaa."

"Kwa nini, Mama?"

"Nilitaka tuendelee kugombana kwa ajili ya chumvi. Ungejua, ungeanza kunililia ningali naosha vyombo."

Kichwa cha Rangi kilielewa. Moyo ukagoma.

Mama aliondoka alfajiri, saa yake ya sala. Siku ya mazishi, Bwana Mifupa alisimama nyuma kabisa ya watu. Macho yao yakakutana, Rangi akageuza uso. Watu walipotawanyika, kijana hakuwepo.

Nyumba ikawa kubwa ghafla. Rangi alipika chakula cha wawili, akamwaga nusu. Alirudi kutoka kazini na kisa cha kuchekesha, akafungua mlango akisema, "Mama, leo nime—" akabaki na maneno mdomoni. Usiku alisikiliza cherehani ikinguruma chini, ilimradi kuwe na mtu macho. Alijaribu kumchora Mama. Kila akimaliza, uso uliomtazama ulikuwa wa mgeni.

Mchana mmoja aliiweka brashi chini, akaenda hospitali.

Bwana Mifupa alitoka chumbani mwake amekonda. "Rangi."

"Nimekuja kuiona picha ya Mama."

"Una hakika?"

"Wewe uliiona. Daktari aliiona. Mama mwenyewe aliiona. Nimebaki mimi."

Kijana alikwenda kumwomba daktari ruhusa. Aliporudi alizima taa ya chumba, akawasha ubao wa mwanga ukutani, akaitundika picha.

"Huu ni moyo. Hili ni pafu. Hapa ndipo..."

"Usiniambie. Nimeona."

Aliona ukungu mweupe mahali pasipostahili ukungu. Kisha jicho lake la uchoraji likapanda juu.

"Bega la kushoto limeshuka."

"Nilimwambia asimame sawasawa. Akasema, 'Mwanangu, hivi ndivyo nilivyo sawasawa. Bega hili lilibeba mtoto mmoja mzito.'"

Rangi akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kicheko kikamgeukia njiani kikawa kilio, akalia ameegemea ukuta. Kijana alisimama kando yake, asithubutu kumgusa.

"Ulifanyaje siku ile ulipoiona?" Rangi akauliza.

"Nilijifungia humu nikalia. Kisha nikaja kwenu kula, maana alisema nisipokuja utashtuka. Tulikuwa wawili katika siri ile. Wewe ulikuwa peke yako, na hilo ndilo lililonitafuna."

"Sijakusamehe yote."

"Najua."

"Ila nimechoka kurudi kwenye nyumba isiyoniuliza nimetoka wapi."

Bwana Mifupa akafuta macho kwa mkono wa sweta.

"Niruhusu nikuulize mimi. Kila siku, mpaka tuzeeke."

"Unaniposa kwenye chumba cha eksirei?"

"Ningengoja mahali pazuri, ningekukosa tena."

Muuguzi akagonga mlango: mgonjwa mwingine alikuwa anasubiri. Rangi akafunga kilemba chake vizuri.

"Maliza kazi. Nitakuwa nje."

Alikaa kwenye benchi la korido, katikati ya watu wenye bahasha na bandeji, mpaka wote wakaisha. Mlango ukafunguka. Bwana Mifupa akaja akaketi kando yake, akasema taratibu kama mtu anayejifunza maneno mapya.

"Umetoka wapi, Rangi?"

"Kwa Mama," akasema, akampa mkono.