Siku Mke Wangu Alipoingia Ofisi ya Mikopo Peke Yake

Nina umri wa miaka arobaini na saba, baba wa watoto watatu, na ninaishi Tabaka, huku kwetu Kisii, ambako mtoto hushika patasi kabla hajajua kushika kalamu. Kazi yangu ni kuchonga vinyago vya mawe. Jina langu nalificha, si kwamba naogopa kuchekwa... wanaonijua walishanicheka wakachoka! Nalificha kwa ajili ya wanangu.

Ndugu wasomaji, nimesoma mikasa yenu mingi ya wanawake waliotendwa na waume zao. Leo someni ya mwanamume aliyejitenda mwenyewe.

Nikiri jambo moja mapema. Mimi ni mtu wa wivu. Mke wangu, ambaye hapa nitamwita Kwamboka, akisalimiwa njiani na mwanamume, mimi husimama nikaipima ile salamu imechukua muda gani. Akicheka kanisani siku ya Sabato, nageuka kuona ni nani aliyemchekesha. Miaka kumi na tisa ya ndoa tuliishi hivyo. Alizoea... au mimi ndiye niliyedhani amezoea.

Kazi tulifanya pamoja. Mimi nachonga, yeye anapiga msasa. Alikaa na beseni la maji miguuni, akisugua kinyago cha kiboko au sahani ya jiwe mpaka inang'aa. Vidole vyake vilichubuka kwa ajili ya nyumba yetu, na bado nilimshuku!

Taabu ilianza jirani yangu aliponunua mashine ya kukatia mawe. Kabla mimi sijamaliza kukata kipande kimoja kwa msumeno wa mkono, yeye amekata kumi. Wanunuzi kutoka Nairobi waliokuwa wakisimama kwangu wakaanza kupita langoni pangu wakinipungia mkono tu. Ile mashine ikilia asubuhi, hata chai hainishuki. Nikaapa kwamba lazima nami niwe na yangu, na iwe kubwa kuliko ya jirani!

Kuna tawi dogo la benki katika mji mmoja usio mbali nasi. Silitaji. Nilipeleka hati ya shamba, lile aliloniachia marehemu baba, lenye nyumba yetu na migomba, nikaomba mkopo wa mashine.

Jamani, nenda rudi niliyoiona! Nilipeleka barua ya chifu, wakasema tarehe haisomeki. Nikapeleka picha, wakasema nimevaa kofia. Nikamlipa mtu wa kupima thamani ya shamba, akaja na viatu vyeupe, akatembea mpaka kwenye migomba, akarudi. Kikao cha bodi ya ardhi kikaahirishwa mara mbili. Nikienda Jumatatu naambiwa Jumatano, nikienda Jumatano mtandao umepotea. Miezi minne nilikuwa mtu wa kukaa kwenye benchi la benki kama mgonjwa.

Faili yangu ilishikwa na kijana mmoja, afisa wa mikopo, Mtaita. Nitamwita Mwadime. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, kucha safi, na Kiswahili chake kilikuwa kinateleza. Kiswahili changu mimi kina mawe ya Tabaka ndani. Kwamboka alipoandamana nami mara ya kwanza, kijana alisimama, akamvutia kiti, akamwuliza habari za safari. Nilimwona mke wangu akiketi kama mgeni wa heshima, na kitu kikanichoma hapa kifuani.

Kisha likaja lile neno.

"Mzee wangu, naomba utusubiri hapo nje kidogo," Mwadime aliniambia. "Mama ataingia peke yake."

"Peke yake kwa nini? Huyu si bibi yangu?"

"Ndio utaratibu, mzee. Shamba likiwekwa dhamana, mke lazima aulizwe bila mume kuwapo."

Mlango ukafungwa! Nilikaa kwenye benchi nikitazama saa ya ukutani. Dakika tano... kumi... ishirini na tano! Mlango ulikuwa na kioo kidogo. Nilijinyoosha nikachungulia, nikamwona Kwamboka ameinamisha kichwa, na yule kijana anamsogezea tishu. Nawauliza ninyi, tishu za nini? Ni mkopo gani unaombwa kwa tishu?

Alitoka macho mekundu. Nikamhoji njia nzima mpaka nyumbani, na jibu lilikuwa moja tu, akiniita kwa jina la binti yetu, ambalo nalo nimelibadilisha.

"Ni maswali, Baba Moraa. Maswali ya fomu tu."

Fomu gani inayomliza mtu mzima?

Tangu siku hiyo mkopo ulikwama kabisa. Kila nikienda, Mwadime ananiambia faili imesimama upande wa mama. Nikiuliza upande wa mama una nini, anajibu kwa upole kwamba haruhusiwi kusema. Haruhusiwi! Mambo ya mke wangu, yeye anayajua, mimi siruhusiwi kuyajua! Nilitoka pale nikaona barabara yote imejaa wanaume wanaonicheka.

Nikaanza upelelezi. Kwamboka akienda kuteka maji, mimi niko na simu yake, kabambe kamoja ka kubonyeza. Nikakuta jina "Benki" limepiga mara nne kwa wiki moja. Nikamwuliza anatakiwa nini. Akasema ameitwa mjini Alhamisi, jambo lilelile la mkopo. Nikamwambia hatakwenda, na kama ni jambo la mkopo, mwenye mkopo ni mimi. Alirudi kwenye beseni lake.

Alhamisi ikafika. Akafunga mikungu miwili ya ndizi, akasema anaipeleka soko la Daraja Mbili, Kisii. Nikamwacha atangulie, nikamfuata kwa bodaboda. Naona haya kuandika haya, lakini nimeahidi kusema kweli.

Aliziuza zile ndizi haraka haraka, kwa bei ambayo siku nyingine angeikataa. Akajipangusa mikono kwa leso, akavuka barabara. Na ng'ambo, amesimama kwenye ngazi za jengo moja la ghorofa, juu ya duka la magodoro... Mwadime! Wakapanda pamoja.

Mimi nilikuwa nimejificha kwenye nguo za mitumba. Nilishika koti moja muda mrefu hata mwenye nguo akaniuliza kama nalinunua au naliombea. Kwa nini sikupanda zile ngazi nikajionea? Mpaka leo najiuliza. Nadhani mtu wa wivu hatafuti ukweli, anatafuta kuthibitishiwa alichokwisha kuamua.

Waliposhuka, Kwamboka alikuwa akitabasamu. Tabasamu pana, la msichana niliyemtoa kwao Nyamira! Nyumbani kwangu sikuwa nimeliona kwa miaka. Basi moyo wangu ukakata kauli.

Alinikuta nimeketi mlangoni. Alikuwa amebeba mkate, sukari na msasa mpya. Akaanza, "Baba Moraa, leo nina habari..."

Sikumpa nafasi amalize. Nilimzaba kofi, mkate ukaanguka. Nikampokonya simu nikaitupa kwenye beseni la maji. Nikamwita jina ambalo siwezi kuliandika hapa, na mwanangu wa mwisho alikuwa anasikia. Haikuwa mara ya kwanza kunyanyua mkono, wasomaji, nisiwadanganye. Kwamboka hakulia. Aliinama, akaokota mkate, akaufuta vumbi, akauweka mezani.

Kesho yake nikaamka na hasira mbichi. Yeye alikuwa ameshatoka, nami nikasema hewani, ameenda kwa yule kijana! Nikapitia kwa jirani mmoja na mwingine nikiwasimulia, nikijitia ujasiri, hata nikafika benki karibu saa tano.

Nilisimama katikati ya ukumbi nikapaza sauti. "Wewe Mwadime! Nirudishie bibi yangu na title yangu!" Waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Wengine wakatoa simu wakanirekodi. Askari akanishika mkono, nikamsukuma. Nilimwita yule kijana mwizi wa wake za watu, nikamtaja mpaka kwao. Yeye alisimama nyuma ya kaunta, kalamu bado mkononi.

Meneja akatoka. Alikuwa mama wa makamo, Mkisii kama mimi. Akamwambia askari aniachilie, akaniita ofisini kwake.

"Omogaka, mzee wangu, keti," akasema. "Kuna mambo siwezi kukuambia. Lakini huyu kijana umemharibia jina mbele ya watu, kwa hivyo hili moja nitakusomea."

Akafungua faili. Akaniambia kwamba siku ile ya kwanza mke wangu aliulizwa kama anajua shamba linawekwa dhamana. Akajibu ndiyo. Akaulizwa kama anajua tukishindwa kulipa linaweza kuuzwa. Akajibu ndiyo. Kisha akaulizwa kama anatia sahihi kwa hiari yake, bila kumwogopa mtu yeyote.

Hapo alinyamaza. Akaulizwa tena, akaanza kulia.

Benki haiwezi kupokea sahihi ya mke aliyejibu hivyo, meneja akasema. Ikabidi apelekwe kwa wakili amshauri kando, na yule kijana ndiye aliyekuwa akimpigia simu na kumbembeleza aende, na jana akamfikisha mwenyewe, ili faili yangu isifungwe. Ofisi ya wakili iko Daraja Mbili, juu ya duka la magodoro.

"Jana alitia sahihi," meneja akaendelea. "Alimwambia wakili mgongo wako unakuuma kwa ule msumeno, na mashine itakupumzisha."

Barua ya kukubaliwa mkopo ilikuwa mezani, imeandikwa tayari. Niliiona kwa macho yangu haya, jina langu juu. Na mnajua nilisema nini? Badala ya kulia, badala ya kuomba msamaha... nilinyoosha mkono nikasema, "Basi nipe kalamu, Madam."

Mama yule aliirudisha barua ndani ya faili.

"Alikuwa hapa leo saa tatu, kabla yako," akasema. "Ameiondoa sahihi yake. Sikumwuliza sababu. Shavu lake nililiona."

Nilifika nyumbani nikakuta mlango umerudishiwa, nguo zake hazipo, za mtoto wa mwisho hazipo. Vinyago kumi na viwili vilikuwa pale pembeni vikisubiri msasa. Benki ilinirudishia hati yangu kwenye bahasha safi. Jirani yangu bado anakata mawe. Mimi siku hizi nachonga na kusugua mwenyewe, na wanunuzi wakipapasa sahani zangu wananiambia siyo kama za zamani.

Hapa ningeweza kumalizia, mkanihurumia. Lakini kuna sehemu moja imebaki, na ndiyo inayoniuma zaidi.

Baada ya miezi miwili nilikwenda kwao Nyamira na kaka yangu mkubwa, kuomba msamaha kama desturi inavyotaka. Baba mkwe alitupokea bila kelele. Nikakiri kila kitu mbele yake, kofi, simu, aibu ya benki. Nikalia machozi ya kweli. Kwamboka akaitwa. Alisikiliza, akauliza habari za watoto wale wakubwa, akauliza kama nakula vizuri. Mwisho akasema kwamba shule zikifungwa atarudi tujaribu tena, ila akiona mkono umenyanyuliwa hata mara moja, hatarudi milele. Kaka yangu alinifinya goti kwa furaha. Mke wangu nilikuwa nimempata!

Alinisindikiza mpaka kwenye kona ya shamba la chai la baba yake. Kaka yangu alitangulia, tukasimama wawili tu. Alikuwa amependeza... amenawiri, uso umetulia. Nami nikajiuliza, huku mbali na mimi amependeza hivi kwa ajili ya nani? Nilijaribu kuyameza yale maneno. Mungu ni shahidi, nilijaribu!

Nikamwuliza, "Na yule kijana wa benki... bado anakupigia?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika! Alijifunga leso vizuri, akanipa mkono kama mtu anavyompa jirani.

"Wasalimie watoto, Baba Moraa. Nenda salama."

Akageuka akapanda kule kwao kwenye majani ya chai. Shule zimefungwa na kufunguliwa mara tatu tangu siku ile. Hajarudi, na baba yake ameniambia nisimsumbue.

Majuto ni mjukuu, husemwa. Mimi sijapata mjukuu, lakini majuto ninayo ya kugawia kijiji kizima. Msiniambie benki ilinionea. Nilisema hivyo mwaka mzima kwa kila aliyekubali kunisikiliza. Wale watu walikuwa na swali moja tu, na jibu lake lilikuwa nyumbani kwangu miaka kumi na tisa.

Ndugu yangu, wewe unayesoma haya huku mkeo yuko jikoni. Tafadhali, usinifuate. Usisubiri mgeni mwenye fomu amfungie mlango ndipo ujue. Mwite leo, mwulize kama anakuogopa, kisha unyamaze umsikilize. Akikawia kujibu, usikasirike na usitafute wa kumlaumu. Hapo bado una mke.