Kitufe Chekundu

Saa sita mchana. Chumba cha nyuma cha kinyozi, Majengo.

Askofu, mkuu wa genge, aliweka bastola mezani, kando ya sahani ya mutura. Duka la dhahabu, Buruburu. Kuingia, kutoka, kisha ambulensi ya wizi mpaka maficho ya Kware. Yeye mwenyewe hakuwahi kujifunza kuendesha.

"Dere, waeleze tena."

Mourine, aliyefukuzwa kazi ya udereva wa ambulensi, aliinua kidude chenye vitufe viwili. Kinaongea na magari yasiyo na dereva, na siku hizi yamejaa Jogoo Road. Yakisogea hayo, wenye usukani hawana budi kufuata. Bonyeza cha kijani, yanakupisha popote uendako. Chekundu ni cha mgonjwa mahututi: kinaarifu hospitali, yanafungua njia moja tu, ya kufika huko, na hakifutiki mpaka ufike getini.

"Atakayegusa chekundu namzika," Askofu akasema.

Alikuwa na sheria nyingine: hakuna kujuana majina ya nyumbani. Asiyekujua hawezi kukutaja kituoni. Kwa hiyo hakujua kwamba Dere na Spana, kijana wa kuvunja makufuli, walinyonya titi moja. Mourine aliingia kwenye genge amlinde mdogo wake. Basi.

Saa tisa. Buruburu.

Risasi moja. Askofu akatoka na begi. Spana akafuata ameshika tumbo. Mlinzi wa duka hakukosea.

Mourine akabonyeza cha kijani. Jogoo Road ikapasuka katikati, ambulensi ikapita. Nyuma, Spana alikoroma sakafuni, damu ikimtoka.

"Huyu hafiki," Askofu akasema. "Punguza tumtupe mtaroni."

"Ni mtu wetu."

"Ni mzigo wenye mdomo. Punguza, Dere."

Mdomo wa bastola ukamgusa shingoni, baridi. Mourine akapunguza. Kisha kidole chake kikashuka kwenye chekundu.

Mbele na ubavuni, magari yakajipanga bega kwa bega, yakaziba njia ya Kware, yakaacha ya hospitali tu. Askofu akasukuma mlango. Ukagonga ubavu wa gari. Akajaribu wa upande wa pili. Vilevile.

"Rudisha, ama nikumalize."

"Nimalize. Halafu uendeshe wewe."

Hakufyatua.

Geti la hospitali likafunguka. Wauguzi walingoja na machela. Nyuma yao, polisi waliokuwa wakiisaka ambulensi.

Askofu aliiacha bastola ianguke. "Huyu ni nani wako?"

"Ndugu yangu. Anaitwa Simiyu. Mimi ni Mourine." Akazima injini. "Sasa nitajie jina lako. Wataniuliza."