Barua Iliyopata Thelathini na Sita

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya hesabu, Mwalimu Were aliwasimamisha wanafunzi wa darasa la saba mmoja mmoja. Kila mmoja alitakiwa kuja na maneno matano mapya ya Kiingereza, tena magumu. Aliyeleta manne alifagia darasa wiki nzima. Kaindi hakuwahi kushika fagio. Daftari lake la msamiati lilinona hadi likakataa kufungika, na maneno aliyoyatoa humo yalikuwa mazito kiasi kwamba Mwanzia, aliyeketi dawati la mbele, aliinama yasije yakamwangukia kisogoni. Siku moja alitamka moja refu ajabu. Alilianza kengele ya mapumziko ikilia, na alipolimaliza, chai ya walimu ilikuwa imepoa.

Mama yake, Munyiva, alimwonea fahari. Yeye alifua na kupika katika nyumba moja kule Lavington, na kila asubuhi alitoka Kangemi kwa miguu kwenda huko. Mwenye nyumba, Mama Dan, alikuwa wakili. Alitoka kabla Munyiva hajafika, akarudi Munyiva ameshaondoka. Basi wawili hao walizungumza kwa vikaratasi kwenye mlango wa friji. Sabuni imeisha. Shati la Dan halina kifungo. Mara nyingine Munyiva alibandika hapo insha ya Kaindi, na Mama Dan aliisahihisha kwa kalamu nyekundu na kuiacha palepale.

Jumapili moja Mjomba Mutinda alipiga simu dukani kwa jirani. Nyanya yake Kaindi, kule Mwala, alikuwa hawezi kuinuka kitandani, na alikuwa akimwita Munyiva. Lakini Munyiva hangeweza kuondoka hivi hivi. Msichana aliyefanya kazi kwa Mama Dan kabla yake alikwenda kwao siku mbili bila ruhusa, akarudi akakuta mwingine amevaa aprini yake. Munyiva akachukua karatasi aombe siku tatu. Kaindi akamshika mkono.

"Mama, ukiandika Kiswahili utaonekana unaomba sukari. Acha nimwandikie Kiingereza cha maana."

"Kitasema nyanya yako ni mgonjwa?"

"Kitasema zaidi ya hapo."

Kweli kilisema zaidi. Ukurasa wa kwanza ulimsalimu Mama Dan na kumsifu. Wa pili ulieleza mapambazuko, kisha mateso ya wanadamu wote. Nyanya alitokea karibu na mwisho, amevishwa maneno mengi hivi kwamba hata bintiye hangemtambua. Zile siku tatu hazikutajwa kabisa, maana Kaindi aliona tatu ni neno dogo mno.

Jumatatu Munyiva aliibandika barua. Jumanne hakukuwa na jibu. Jumatano alifua mapazia yaleyale mara mbili akingoja. Alhamisi aliikuta imejaa wino mwekundu, akaja nayo nyumbani mbio. Mfuko wa safari ulikuwa tayari mlangoni, ndani yake leso mpya ya nyanya.

"Nisomee, Kiingereza chenu sikiwezi. Amesema niende lini?"

Kaindi aliona kwanza ile namba: thelathini na sita kati ya arobaini. Kabla ya jambo lingine lolote, alifurahi. Kisha akasoma chini yake. Mama Dan aliandika kwamba msamiati ni bora sana na ule ugonjwa umebuniwa kwa ustadi, aendelee hivyo hivyo. Alidhani ni insha. Barua ya kuomba ruhusa hutungwa shuleni kila muhula.

Uongo ulikuwa karibu. Angesema tu kwamba Mama Dan amekataa, na lawama zingebaki Lavington. Akautazama ule mfuko mlangoni.

"Hajajibu, mama. Amenipa alama. Kosa ni langu."

Munyiva hakumpiga wala hakumgombeza. Alirarua karatasi ndogo akaandika mwenyewe: Mama Dan, mama yangu ni mgonjwa sana. Naomba siku tatu niende Mwala.

Ijumaa aliibandika. Jioni hiyo Mama Dan aliisoma na mkoba ungali begani, papo hapo akapiga simu katika lile duka la jirani, kwa namba aliyokuwa ameachiwa na Munyiva. Aliuliza kwa nini hakuambiwa mapema, akasema Munyiva aende alfajiri.

Jumamosi mchana Munyiva na Kaindi waliingia Mwala. Wanawake walikuwa wameshaketi uani, na hakuna aliyehitaji kuwaeleza. Nyanya alifariki jana yake. Mutinda alisema hadi Alhamisi mama yao alikuwa akiuliza kama gari la Nairobi limefika. Baada ya hapo hakuuliza tena.

Walipokwisha kuzika, Kaindi alilitoa daftari lake alitupe motoni. Munyiva akampokonya, akafuta jivu kwenye jalada.

"Daftari halina kosa. Jifunze hayo maneno yote, sikukatazi. Lakini mtu akikupa shida yake uipeleke, ianze hiyo shida, na uiseme kwa maneno ambayo hayatampoteza anayepokea. Wewe ulitaka Mama Dan akuone. Alikuona. Lakini hakumwona nyanya yako."

Akamrudishia daftari.

Jumatatu ya kwanza baada ya kurudi Kangemi, zamu ya Kaindi ilipofika, Mwalimu Were aliinua kalamu na kungoja. Kaindi aliliacha daftari dawatini, maneno yake matano yakiwa ndani. Kisha akatembea hadi pembeni mwa darasa, akachukua fagio bila kuambiwa.